Akiba Huru

Katika mikutano mikuu ya mashirika madogo yasiyo ya kiserikali, neno akiba hutumika kwa mambo mengi. Huyu akilitamka anakusudia fedha yote iliyoko benki, yule anakusudia bakaa ya mwaka. Mhasibu ana maana finyu zaidi: fedha iliyolimbikizwa ambayo haijafungwa na sharti la mfadhili, na ambayo bodi inaweza kuitumia kwa lengo lolote lililomo katika katiba ya shirika. Ndiyo maana napendelea kusema akiba huru.

Chukua shirika la mfano lenye mali halisi ya shilingi milioni 70. Milioni 48 ni ruzuku ya visima ambavyo havijachimbwa. Kulipia pango la ofisi kwa fedha hizo ni kuvunja mkataba. Milioni 10 ni thamani ya pikipiki na kompyuta, vitu visivyolipa mshahara. Akiba huru ni milioni 12 tu. Ikiwa uendeshaji hugharimu milioni 4 kwa mwezi, shirika lina uhai wa miezi mitatu. Kipimo chake hasa ni miezi, kwa kuwa shilingi hupotosha: matumizi yakipanda hadi milioni 6 na akiba ikabaki ileile, miezi mitatu imekuwa miwili, ingawa hakuna hata senti iliyopotea. Washauri wengi hupendekeza miezi mitatu hadi sita.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Afrika Mashariki, wahudumu wengi waliolipwa kwa misaada hiyo walirudishwa nyumbani ndani ya wiki chache, na wagonjwa waliowazoea wakabaki wakiuliza wameenda wapi. Siku 90 ni miezi mitatu ileile.

Shirika likikosa akiba ya kuvuka miezi hiyo, sikubali kwamba kosa ni la viongozi peke yao. Mikataba mingi ya ruzuku hudai salio lirudishwe mradi unapoisha, kwa hiyo akiba huru hujengwa taratibu kwa ada za wanachama, michango isiyo na masharti na mapato ya kukodisha ukumbi. Bodi iandike kiwango inachokilenga, nani ataidhinisha kuichota, na itajazwa tena vipi. Na mfadhili akiikuta kwenye mizania, asiichukulie kuwa sababu ya kupunguza msaada.