Anwani ya PCI

Anwani ya PCI ni namba ambayo kompyuta huitumia kutambua kila kifaa kilichounganishwa nayo kwa njia ya PCI au PCI Express, kama vile kadi ya mtandao au kadi ya kuendeshea diski. Kwenye seva, anwani hiyo kwa kawaida hailingani na namba ya nafasi ya kadi iliyochapishwa kwenye ubao mama, hivyo fundi hulazimika kuoanisha namba hizo mbili kabla ya kuchomoa kadi.

Muundo

PCI ilitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1992. Mfano wa anwani ni `0000:3b:00.0`. Tarakimu nne za kwanza ni kikoa, `3b` ni basi (njia ya kupitishia data), `00` ni kifaa na `0` ya mwisho ni kazi. Kikoa kimoja huweza kuwa na mabasi 256, kila basi vifaa 32, na kila kifaa kazi 8. Kadi moja ya mtandao yenye matundu mawili mara nyingi huonekana kama kazi mbili, `.0` na `.1`.

Namba hizo huandikwa kwa heksadesimali, na hapo ndipo wengi hukosea: Linux huweza kuiita kadi ya basi `3b` jina la `enp59s0`, kwa kuwa majina hayo, yaliyoletwa na systemd mwaka 2013, hutumia desimali.

Sababu ya kutolingana

Namba za mabasi hugawiwa mashine inapowashwa. Ikiongezwa kadi mpya yenye daraja la PCI ndani yake, kadi nyingine zinaweza kubadilika anwani bila kuguswa. Kwenye seva za prosesa mbili, kila prosesa huhudumia nafasi zake. Ya pili isipokuwepo, kadi iliyo kwenye nafasi zake haionekani kabisa.

Kuoanisha

Kwenye Linux, amri `lspci` huorodhesha anwani, na `dmidecode -t slot` huonyesha jina la kila nafasi pamoja na anwani yake. Taarifa za amri hii ya pili huandikwa na mtengenezaji wa mashine, na si wote walio makini. Kwa kadi za mtandao, `ethtool -p` ni ya uhakika zaidi, kwani huwasha na kuzima taa ya tundu husika.

Taa hiyo ina faida hasa pale msimamizi anapokuwa mbali. Seva ya Mwanza ikisimamiwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, msimamizi huona anwani tu, na fundi aliye mbele ya mashine huona nafasi tu. Fundi akichomoa kwa makosa kadi ya diski wakati seva inafanya kazi, diski zote zilizounganishwa nayo hupotea papo hapo, na data iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Kadi za diski hazina `ethtool`. Kwa hizo hulinganishwa namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye kadi na ile inayosomwa na programu ya mtengenezaji, nayo haibadiliki hata kadi ikihamishiwa nafasi nyingine.