Albamu ambayo volkano haitaichoma

Wandugu, tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma, ukabomoa katedrali Saint-Joseph, ukaingia Ziwa Kivu. Foto za jamaa nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikarudi, ikachoma nyumba za Buhene.

Leo tunatengeneza albamu mu telefone. Tuzipange kama historia: ukurasa mmoja, tukio moja. Foto moja iwe kubwa, zingine ndogo pembeni. Rangi mbili zinatosha, juu zikizidi zinafunika sura za watu. Chini andika majina, kartiye na mwaka. Bila hayo, wajukuu wataona sura wasizozijua. Kisha tuma kopi kwa ndugu wa Bukavu ao Kinshasa, mbali na moto wetu.