Kadi ya Grafiki Isiyoonekana, na Deni la Mwaka 1984

Nilipotea kidogo, kazi ya kuajiriwa ilinibana. Leo nina kisa, na ndani yake kuna historia.

Jumamosi iliyopita kijana jirani yangu hapa Mbotela alinibishia mlango huku amekasirika. Ameunda kompyuta yake ya kwanza kwa pesa za vibarua vya mwaka mzima. Kila kitu ni kipya isipokuwa kadi ya grafiki, GeForce GTX 550 Ti ya mwaka 2011, aliyoinunua mtumba kule Luthuli Avenue. Feni zinazunguka, lakini ukichomeka waya wa skrini kwenye kadi, giza. Ukiuhamishia kwenye bodi kuu, picha inakuja vizuri.

"Kaka, yule jamaa ameniuzia maiti. Naenda kumwitia watu."

Mnaoijua Nairobi mnaelewa. Kumwitia mtu watu katikati ya mji na kumtaja mwizi si mzaha, anaweza kufa. Nikamwomba anipe saa moja tu.

Tulifanya yale ya kawaida. Tulichomoa kadi, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, tukairudisha hadi kishikio kikalia. Waya wa umeme wa pini sita ulikuwa umeingia sawasawa. Giza lile lile. Nikawasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, waya wa skrini ukiwa kwenye bodi kuu, nikaandika lspci -nn. Kadi hiyo hapo! Namba 10de, yaani NVIDIA.

Sasa kama ipo, mbona haionekani? Hapo ndipo ilinibidi kumrudisha kijana nyuma miaka arobaini na kitu.

IBM PC ilipotoka Agosti 1981, haikutambua kadi yoyote. Wewe ndiye uliyeiambia. Kulikuwa na kadi mbili: MDA ya maandishi matupu, na CGA ya rangi nne kwa nukta 320 kwa 200. Ulifungua kasha na kusogeza swichi ndogo kwenye bodi kuu kutaja umeweka ipi. Ukikosea, mashine ililia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Bodi nyingi zililia hivyo hivyo kwa miongo iliyofuata.

Mwaka 1984 ikaja EGA, nayo BIOS ya bodi kuu haikujua kuiendesha. IBM wakaamua kadi ije na programu yake yenyewe, ndani ya chipu iliyo juu ya kadi. Mashine ikiwaka, BIOS hupekua kumbukumbu kuanzia anwani C0000, ikitafuta baiti mbili: 55 na AA. Ikizikuta, inajua hapa pana programu ya kadi, inaiendesha, na picha inatokea. Ni kama kubisha hodi na kungoja "karibu". Hodi hiyo ilidumu karibu miaka thelathini, kadi zikibadilika huku salamu ikibaki ile ile.

Jambo la pili lilikuja na PCI ya Intel, mwaka 1992. Kila kifaa kikapewa namba ya mtengenezaji wake. NVIDIA ni 10DE, ATI (sasa AMD) ni 1002, na Intel wenyewe wakajichukulia 8086, jina la chipu yao ya 1978. Utani wa mainjinia huo. Bodi kuu huuliza kila nafasi, "Nani hapo?" Isiyo na kitu hurudisha FFFF. AGP ilikuja ikapita, PCI Express ikaingia mwaka 2004, lakini swali hilo halikubadilika. Ndilo lspci ilionijibia.

Kwa hiyo "kuonekana" ni mambo mawili: kujibu jina lako, na kuweza kuchora kabla ya Windows kuamka. Kadi ya kijana ililiweza la kwanza tu.

Kisa ni UEFI, mrithi wa BIOS. Haiendeshi programu zile za enzi ya EGA. Inataka ya aina mpya iitwayo GOP, iliyoingia kwenye UEFI 2.0 mwaka 2006. Watengenezaji wa kadi hawakuwa na haraka hadi Microsoft walipoidai kwa kompyuta zenye nembo ya Windows 8, mwaka 2012. GTX 550 Ti ilizaliwa kabla ya hapo. Bodi mpya ilitafuta GOP, ikakosa, ikaendelea na grafiki za prosesa kana kwamba hakuna mgeni. Bahati yake prosesa yake ina grafiki. Angenunua isiyo nazo angekaa gizani kabisa, bila hata menyu ya kurekebisha.

Dawa ilikuwa CSM, sehemu ya UEFI inayojifanya BIOS ya zamani. Tulizima Secure Boot, tukawasha CSM, tukachagua "Legacy" upande wa video. Waya ukarudi kwenye kadi, mashine ikawaka, na nembo ya bodi ikajaa skrini. Kijana alipiga kelele hadi mama yake akatoka nje kuuliza kumetokea nini.

Si dawa ya kudumu. Mwaka 2017 Intel walitangaza kwamba wataiacha njia hiyo ya zamani ifikapo 2020, na bodi mpya zimekuwa zikiipunguza. Sisi tunaonunua kadi za mitumba na kuzichomeka kwenye bodi mpya ndio tunaoangukia katikati. Ukienda sokoni, angalia kadi ni ya mwaka gani. Kuanzia 2013 nyingi zina GOP. Ya kabla ya hapo, ulizia kwanza kama bodi yako bado ina CSM.

Jumatatu kijana alirudi Luthuli kwa yule yule muuzaji. Alikwenda kununua feni ya pili.