Kitabu cha Kuchekesha na Wafafanuzi Wake

Yamkini, msomaji, umepata kuwasikia watu wazima wakicheka kwa neno ambalo wewe hukuona ndani yake jambo la kuchekesha. Neno lenyewe halikuwa gumu. Ulichokikosa ni desturi iliyokuwa nyuma yake. Hali hiyo humpata kila asomaye kitabu cha kuchekesha cha zamani, nao Waingereza imewapata mbele ya kitabu chao wakipendacho mno, Pride and Prejudice cha Jane Austen.

Kitabu hicho kilitolewa London na Thomas Egerton tarehe 28 Januari 1813, katika juzuu tatu. Ni hadithi ya Bwana na Bibi Bennet, wenye mabinti watano wala hawana mtoto wa kiume. Hamna ndani yake mapigano wala safari za baharini. Mna kutembeleana, kucheza dansi, kuandikiana barua na kutafuta waume. Mwandishi huwacheka watu wake, lakini chini ya kicheko kuna hofu ya umaskini. Shamba la Bwana Bennet limefungwa kisheria lisirithiwe ila na mwanamume, na siku atakapokufa litakuwa mali ya jamaa yao, kasisi mmoja aitwaye Collins. Msomaji asiyeijua sheria hiyo humwona Bibi Bennet kuwa mpumbavu tu, ahangaikaye mchana kutwa kuwaoza binti zake. Aijuaye humwona mpumbavu mwenye sababu, na tofauti ya hao wawili si ndogo.

Tazama mfano mwingine. Collins awaandikia barua ndefu iliyojaa majivuno na unyenyekevu wa uongo. Twacheka kwa maneno yake. Lakini wasomaji wa 1813 walicheka mara mbili, kwa maana siku zile ilikuwa desturi anayepokea barua ndiye alipaye gharama ya posta. Mambo hayo yaligeuzwa mwaka 1840. Basi Bwana Bennet alitoa fedha zake mwenyewe apate kuusoma upuuzi ule.

Tena yako yasiyochekesha hata kidogo. Lydia, binti wa mwisho, atoroka na askari aitwaye Wickham. Kwanza jamaa zake wanafikiri wamekwenda Gretna Green, kisha wanapata habari kwamba wako London, na nyumba nzima inaingia msiba. Kwa nini London iwe mbaya kuliko kijiji cha mpakani? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1753 ilimkataza aliye chini ya miaka 21 kuoa au kuolewa pasipo idhini ya wazazi. Uskoti haikuwa na sheria hiyo, na Gretna Green ni kijiji cha Uskoti kilicho karibu kabisa na mpaka. Waliokwenda huko walikusudia ndoa. Waliokwenda London na kujificha, huenda hawakukusudia ndoa hata kidogo, na Lydia alikuwa na umri wa miaka 16. Mwandishi hakulieleza jambo hili kwa kuwa kila mtu wa zamani zake alilijua.

Lakini hata kabla ya desturi kusahauliwa, kitabu kilikuwa kimekwisha kupata madhara mikononi mwa wapiga chapa. Siku chache baada ya kutolewa, Jane Austen alimwandikia dada yake Cassandra akilalamika kwamba katika juzuu la tatu, ukurasa wa 220, maneno ya watu wawili yameunganishwa yakawa ya mtu mmoja. Katika kitabu ambacho utamu wake wote uko katika mazungumzo, kosa hilo ni kubwa. Naye hakuwa na nguvu ya kulisahihisha, maana alikuwa amemwuzia Egerton haki zote kwa pauni 110, ingawa alitaka 150. Alifariki mwaka 1817, na hati aliyoiandika kwa mkono wake haikubaki.

Kwa hiyo ilihitajiwa kazi ya namna mbili: kuyasafisha maneno yenyewe, na kuyaeleza. Kwa karibu miaka mia hakuna aliyeifanya kwa bidii iliyostahili. Wanachuo waliwafanyia hivyo washairi wa Kigiriki na wa Kirumi. Hadithi za mapenzi zilizotungwa na mwanamke hazikudhaniwa kuwa na haja ya taabu hiyo.

Jina linalotajwa sana katika habari hii ni la R. W. Chapman, mkuu wa matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1923 alitoa hadithi za Jane Austen katika juzuu tano. Alilinganisha nakala za kwanza neno kwa neno, akairudisha migawanyo ya awali ya juzuu na sura, akatia picha za zamani zile na maelezo ya magari ya farasi, mavazi na namna ya kusalimiana. Alitafuta hata kalenda ya hadithi. Kitabuni imetajwa dansi ya Netherfield, iliyofanyika siku ya Jumanne, na mahali pengine tarehe yake imetajwa kuwa 26 Novemba. Chapman aliona kwamba katika mwaka 1811 tarehe 26 Novemba iliangukia Jumanne, akahukumu kwamba mwandishi alitumia takwimu za mwaka 1811 na 1812. Wengine hawakukubali, wakikumbusha kwamba hadithi ilianza kuandikwa mwaka 1796. Mimi naona hoja ya Chapman ni nzuri kwa siku ile moja, na dhaifu kwa kitabu kizima.

Hata hivyo, Chapman hakuwa wa kwanza. Mwaka 1912 matbaa hiyo hiyo ilikuwa imetoa Pride and Prejudice iliyohaririwa na Katharine Metcalfe, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Somerville, Oxford. Ni yeye aliyeifuata nakala ya kwanza, hata sura ya kurasa zake, na ni yeye aliyeongeza maelezo ya safari, posta na adabu za wakati ule. Mwaka 1913 aliolewa na Chapman. Zilipotoka zile juzuu tano, kurasa za Pride and Prejudice zilifuata zile za 1912, na sifa zikamwendea mume. Mwaka 2017 Janine Barchas, mwanachuo wa Marekani, aliziweka kazi hizo mbili pamoja na kuonyesha ni kiasi gani mpango wote ulikuwa wa Metcalfe.

Jane Austen naye, katika maisha yake yote, hakuliona jina lake juu ya kitabu chake hata kimoja. Ukurasa wa kwanza wa Pride and Prejudice ya 1813 wasema tu kwamba kimetungwa na yule yule aliyetunga Sense and Sensibility. Na ukikifungua hicho cha mwaka 1811 umtafute huyo ni nani, utakuta kimetungwa na bibi mmoja.