Lugha, Alama na Mlango wa Chuo Kikuu: Historia ya Udahili na Vijana wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Utangulizi

Kijana wa Palma, Mocímboa da Praia au Ibo anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha umma nchini Msumbiji hupimwa kwa mtihani ulioandikwa kwa Kireno, na majibu yake husahihishwa kwa kipimo cha alama 20. Akipata alama za chini, huhesabiwa kuwa hana uwezo au hakujiandaa. Makala hii inajenga hoja kwamba alama hizo zina historia ndefu kuliko umri wa mwombaji, na kwamba sera ya udahili isiyoizingatia historia hiyo hupima kwa pamoja mambo mawili yaliyo tofauti: akili ya mwanafunzi na umbali wake na Kireno.

Maandishi kabla ya shule ya Kireno

Pwani hii haikuwa pwani ya wasiojua kusoma. Katika Kiswahili cha mwambao, neno chuo lilimaanisha kwanza mahali ambapo mtoto hujifunza Kurani, kabla ya kuambatanishwa na sifa ya ukubwa na kupewa maana ya taasisi ya elimu ya juu. Katika karne ya 19, masheikh na watawala wa kaskazini mwa Msumbiji waliandikiana na maofisa wa Kireno kwa hati za Kiarabu, aghalabu kwa lugha ya Kiswahili. Barua hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kihistoria za Msumbiji mjini Maputo, na zimechunguzwa na wanahistoria kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua. Zinaonesha kuwa serikali ya kikoloni yenyewe ilitegemea elimu ambayo baadaye haikuitambua kuwa elimu.

Shule, ubatizo na hadhi ya kisheria

Mapatano ya Kimisheni ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, pamoja na Sheria ya Misheni ya mwaka 1941, yaliikabidhi elimu ya Waafrika kwa Kanisa Katoliki. Kwa familia za Kiislamu za pwani, kumpeleka mtoto shule kulikuja na hofu ya kumpoteza katika dini. Katika uwanda wa juu wa Mueda hali ilikuwa tofauti, kwani misheni ya Nangololo ilikuwa imeanza kazi miongoni mwa Wamakonde tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo, ndani ya jimbo moja, jamii mbili jirani zilianza safari ya elimu rasmi katika nyakati tofauti na kwa masharti tofauti.

Lugha nayo ilikuwa sharti la hadhi. Hadi mfumo wa indigenato ulipofutwa mwaka 1961, Mwafrika aliyetaka kutambuliwa kuwa raia kamili alipaswa, miongoni mwa mengine, kuthibitisha kwamba anazungumza Kireno sawasawa. Chuo kikuu kilipoanzishwa Lourenço Marques mwaka 1962, kilijengwa juu ya ngazi hiyo iliyokuwa imekwisha kuwachuja watu chini. Kufikia uhuru wa mwaka 1975, Waafrika weusi hawakufika hata asilimia 2 ya wanafunzi wake.

Udahili bila ushindani wa alama

Baada ya uhuru, dola ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1977 wanafunzi wa sekondari waligawiwa masomo na kazi kulingana na mahitaji ya taifa. Hao ndio wanaokumbukwa kama kizazi cha Machi 8. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kilifungua kitivo cha wapiganaji wa zamani na wafanyakazi wa mstari wa mbele, ili kuwaandaa watu ambao vita na kazi viliwanyima elimu ya kawaida. Msingi wa kitivo hicho ulikuwa kwamba upungufu wa masomo unaweza kufidiwa baada ya mtu kupokelewa.

Tanzania ilikuwa imechukua hatua ya jamaa yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka uzoefu wa kazi na mapendekezo ya mahali pa kazi kuwa sehemu ya sifa za kuingia chuo kikuu. Matokeo yake yana funzo: idadi ya wanawake waliodahiliwa ilishuka, na baada ya muda mfupi ikabidi waondolewe sharti la kufanya kazi kwanza. Kigezo kilichobuniwa kupanua mlango kwa kundi moja kiliufinya kwa jingine. Kwa pwani ya Cabo Delgado funzo hilo ni la moja kwa moja. Kitivo cha Maputo kilitambua utumishi wa vitani na kazini. Hakikuwa na kipimo cha kumtambua kijana ambaye kikwazo chake kilikuwa lugha.

Kurudi kwa mtihani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waombaji walipozidi nafasi, mitihani ya kujiunga ilianzishwa. Ilikuwa na fadhila yake: ilipunguza nguvu ya kujuana. Hata hivyo, iliwaweka kwenye mizani moja mwanafunzi wa Maputo anayesikia Kireno nyumbani na mwanafunzi wa Quissanga anayekisikia darasani tu.

Jibu la kisera lilikuwa kusogeza vyuo karibu. Chuo Kikuu cha Mussa Bin Bique kilianzishwa Nampula mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Lúrio, chenye kampasi Pemba, kiliundwa mwaka 2006. Na Chuo Kikuu cha Rovuma kilizaliwa mwaka 2019. Umbali wa njia ulipungua, lakini umbali wa lugha ulibaki. Elimu ya lugha mbili iliyoanza mwaka 2003, ambayo Kimwani ni mojawapo ya lugha zake, ilikusudiwa kumhamisha mtoto kwenda Kireno mapema katika shule ya msingi.

Kisha ikaja vita. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, shule zimefungwa au kuchomwa, na mamia ya maelfu ya watu wamehama. Mwombaji aliyebadilisha shule mara kadhaa akiwa mkimbizi ndani ya nchi yake huleta alama zinazoeleza zaidi njia aliyopita kuliko mahali anapoweza kufika.

Hitimisho

Pingamizi kubwa ni kwamba kulegeza udahili hushusha ubora. Historia iliyoelezwa hapa haidai kulegeza. Inaelekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya kaskazini vifungue mwaka wa maandalizi kwa waombaji wanaokaribia kiwango, Kireno cha kitaaluma kikifundishwa kwa kulinganishwa na Kimwani na Kiswahili. Pili, alama zisomwe pamoja na rekodi ya shule alikotoka mwombaji, hasa zilizovurugwa na vita. Tatu, wanaopokelewa kwa njia hii wafuatiliwe hadi kuhitimu, na mtihani wa mwisho uwe uleule kwa wote, ili hoja ya ubora ijibiwe kwa ushahidi. Watafiti wa Kiswahili wana wajibu hapa, kwani vitabu vya mwaka huo wa maandalizi haviwezi kuandikwa bila wao.