Utulivu, Shangwe na Mkazo wa Neno

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa la Mkunazini, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Aliyeusimamia ujenzi ni Edward Steere, askofu wa misheni ya UMCA, naye amezikwa nyuma ya madhabahu yake. Waanglikana hao walipenda ubani, mishumaa na kupiga magoti. Miongoni mwa waumini wao wa mwanzo walikuwamo watoto waliookolewa majahazini, wenye asili za bara, waliojifunza Kiswahili wakati ule ule walipofundishwa kumwomba Mungu kwa Kiswahili.

Steere si mgeni kwetu wapenzi wa tungo. Mwaka 1870 alichapisha ngano alizozikusanya Unguja, na humo mna kisa cha Liongo, aliyezikata pingu zake kwa tupa huku nje ngoma zikivuma ili sauti ya chuma isisikike. Kila nikisoma kisa hiki hushangaa. Mtu aliyetuhifadhia habari ya ngoma iliyomfungua mfungwa alijenga nyumba ya ibada juu ya soko la wafungwa, na ngoma haikupewa nafasi ndani yake.

Hofu ya wamisionari haikuwa ya bure. Ngoma waliyoijua wao ilikuwa ya pepo, ya unyago, ya pombe. Wala ukimya wenyewe siudharau: mahali palipopigwa mnada wa watu, kunyamaza nako ni heshima.

Walakini kuna jambo ambalo mtunzi yeyote atalisikia kwa sikio kabla ya kulielewa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kiingereza humaliza mshororo kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho. Mfasiri akahesabu mizani, zikatimia nane, akaridhika. Lakini zilipoimbwa, sauti ikavutwa mahali pasipo pake. “Bwana” likawa na uzito kwenye “na”, na “Mungu” likaelemea “ngu”. Waumini walisimama wima, kwa adabu, wakilitamka jina la Mola kwa namna ambayo hakuna Mswahili angeliita hata jina la jirani yake. Mimi nimefasiri mashairi kwa miaka mingi, na kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu. Ila nauliza kama ile ilikuwa heshima kamili, ilhali neno lenyewe lilikuwa linavunjwa.

Visiwani suala hili halikuwahusu Wakristo peke yao. Wapo wanaosoma Barzanji kwa utulivu, na wapo wa maulidi ya homu, wanaopiga matari na kuyumba kwa safu kama mashua zilizofungwa pamoja. Kila upande umewahi kuutilia shaka upande wa pili. Atazamaye ile safu kwa makini ataona kuwa ina nidhamu kali: mmoja akikosea, wote wanajua.

Kwa Walutheri wa Tanganyika mabadiliko yalikuja kwa njia ya lahani. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga “Mfurahini, Haleluya”, wimbo wa Pasaka, juu ya lahani ya Wahaya. Humo mkazo unaangukia mahali pake: *hi* ya “mfurahini”, *lu* ya “haleluya”. Mwili hauhitaji kuamrishwa kutikisika, kwa kuwa ulimi haupigani na wimbo. Shangwe hiyo siilinganishi na makelele ya vipaza sauti yanayosikika siku hizi katika baadhi ya makanisa, ambamo kinanda cha umeme hulimeza neno lote, mkazo na yote. Huko nako neno linavunjwa, ila kwa nyundo nyingine.

Wimbo wa Kyamanywa ukavuka bahari. Howard Olson, aliyefundisha Makumira, aliutia katika Kiingereza. Ulrich Leupold aliufasiri kwa Kijerumani mwaka 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Leupold alilazimika kutafuta maneno ya kwao yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ili yaikubali lahani ya Wahaya. Akaanza na “Er ist erstanden”, na mkazo ukaangukia *stan*.