Halijoto ya Kadi ya Grafiki si Joto Lake

Mchezaji wa gemu akifungua programu ya kupimia kadi ya grafiki kwenye kompyuta yake ya mezani, ataona namba ikipanda: 65, 71, 78, 83. Ataingiwa na wasiwasi na kuuliza kama joto hilo si kubwa mno. Wasiwasi wake ni wa haki, ila neno alilolitumia limekwisha kulipotosha swali. Namba ile haisemi kadi inatoa joto kiasi gani. Inasema chipu iko katika hali gani ya joto, na kwa hilo Kiswahili kina neno lake: halijoto. Vitabu vingine husema jotoridi, nalo si kosa, lakini halijoto hujieleza lenyewe. Anayejua hali ya hewa ni nini hahitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Sarufi yenyewe inashuhudia tofauti hiyo. Joto hutoka, hupita, husambaa, hufukuzwa kwa feni. Halijoto haitoki wala haiendi popote. Hupanda, hushuka, hutulia. Joto ni nishati, na kasi ya kutoka kwake hupimwa kwa wati. Halijoto hupimwa kwa nyuzi. Tazama GeForce RTX 3080 iliyotoka mwaka 2020. Imepangiwa wati 320, na karibu umeme wote inaoula huishia kuwa joto. Joto hilo hutoka kwenye chipu, likapita kwenye pasti ya kijivu iliyopakwa juu yake, likaingia kwenye shaba, likafika kwenye mapezi membamba ya alumini, na hapo feni zikalipuliza nje. Kila kituo cha safari hiyo kina ukinzani wake. Vumbi likiganda baina ya mapezi kama pamba, au pasti ikikauka, njia huwa nyembamba na chipu hupanda kutoka nyuzi 70 hadi 83. Wati ni zilezile 320. Halijoto imebadilika, joto halikubadilika.

Chumba nacho kina sehemu yake. Halijoto ya chipu ni ya hewa inayoizunguka, ukijumlisha ongezeko linalotokana na zile wati. Kadi inayotulia kwenye nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 ina ongezeko la nyuzi 48. Ipeleke Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, feni zikizunguka kwa kasi ileile, itafika karibu na 80 bila ya kuharibika chochote. Anayesoma namba ya mtu wa Ulaya kisha akailinganisha na yake pasipo kuuliza chumba, anaweza kumpelekea fundi kadi nzima isiyo na ugonjwa.

Kuna watakaosema kwamba katika mazungumzo ya kila siku joto linatosha: tunasema joto la mwili, joto la Mombasa, na tunaelewana. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuyagusa mazungumzo hayo. Ila kwa kadi ya grafiki mkanganyiko huu hugharimu fedha. Mtu ambaye chumba chake kinawaka kila anapocheza huambiwa anunue feni zaidi, akanunua, halijoto ya chipu ikashuka nyuzi 10, na chumba kikabaki vilevile. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani wati 320 zote bado zinamwagwa humo chumbani, na kiyoyozi kama kipo kinabeba mzigo uleule. Dawa yake ilikuwa kupunguza wati zenyewe: kuiwekea kadi kikomo cha umeme, au kuishushia volti kwa uangalifu. Aliyezoea kutenganisha maneno haya mawili angeliona hilo kabla ya kwenda dukani.

Wengine watapendekeza "kiwango cha joto", ambacho wasikilizaji wa taarifa za hali ya hewa wamekizoea. Ubaya wake ni kwamba kiwango chaweza kuwa cha nyuzi, chaweza kuwa cha wati, na hapo tumerudi tulipoanzia. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba vitu hivi viwili havikuachana kabisa: chipu ikipanda halijoto, umeme huvuja zaidi ndani yake, na wati huongezeka kidogo. Hilo nalikubali. Lakini hata sentensi hiyo haisemeki kwa neno moja la joto. Inahitaji yote mawili.

Faida nyingine ya halijoto ni kwamba linahesabika. Kadi moja ina halijoto kadhaa kwa wakati mmoja: ya chipu kwa jumla, ya kumbukumbu, na ya ile sehemu ya chipu inayowaka kuliko zote, ambayo naona inafaa kuitwa kilele cha halijoto. Radeon RX 5700 XT ilipotoka mwaka 2019 na watu wakaona 110 kwenye skrini, wengi waliogopa. Kampuni ya AMD ikaeleza kwamba hicho ni kilele, kinachosomwa na vihisi vilivyotapakaa ndani ya chipu, na kwamba nyuzi 110 zimo ndani ya mipaka iliyokusudiwa. Kwa RTX 3080, mpaka wa chipu kwa jumla uliotangazwa na NVIDIA ni nyuzi 93. Kadi ikiukaribia, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kulinganisha 110 ya kwanza na 93 ya pili ni kulinganisha vipimo viwili tofauti.

Basi wanaotafsiri programu hizi kwa Kiswahili waandike halijoto penye nyuzi, na neno joto waliache penye wati.